Mtoto Hageuki Akiitwa: Pa Kuanzia Kabla Hujapewa Jina la Hali Yake

Ukitaja sebuleni kwamba mtoto amefika miaka miwili na bado hajatamka neno, jibu huja kabla hujamaliza: "Mwache, hata babake alichelewa kusema." Anayekuambia hivyo mara nyingi ni bibi yake, anampenda, na huenda anasema kweli kuhusu huyo baba. Wapo watoto wanaochelewa kisha wakafunguka wenyewe. Lakini hakuna mtu, awe bibi au daktari, awezaye kumtazama mtoto wa miaka miwili akasema kwa hakika kwamba huyu atafunguka na yule hatafunguka. Ukimpeleka akaonekana hana tatizo, umepoteza asubuhi moja hospitalini. Ukingoja na tatizo lipo, umepoteza ile miaka ya mwanzo ambayo ubongo hushika mambo kwa wepesi.

Mwongozo huu ni wa mzazi aliye Kenya, hasa anayetegemea hospitali na shule za serikali. Unahusu watoto wanaokua kwa njia tofauti na wenzao: wenye usonji (autism), wasiotulia ambao madaktari huwaandikia ADHD, wanaochelewa lugha, na wanaochelewa mambo mengi kwa pamoja. Kwa sasa usijisumbue kujua mwanao yuko kundi gani. Kuandikiwa jina la hali kunaweza kuchukua miezi mingi, kwa sababu wataalamu wa kazi hiyo ni wachache na wengi wao wako miji mikubwa. Msaada wenyewe, kwa sehemu kubwa, haungoji jina. Mtoto asiyesema anahitaji njia ya kuwasiliana leo, iwe karatasi yake imeandikwa usonji au haijaandikwa chochote.

Hatua ya kwanza: andika, kisha rekodi

Toa kijitabu cha kliniki, kile cha mama na mtoto. Wengi wetu tunakijua ukurasa wa chanjo na ule wa uzito, basi. Ndani yake kuna sehemu ya hatua za ukuaji ambayo mara nyingi hubaki tupu. Ijaze wewe mwenyewe kwa kalamu, na tarehe.

Mambo ya kuangalia ni haya. Mtoto wa miezi tisa akiitwa jina hugeuka kumtazama anayemwita. Kati ya mwaka mmoja na miezi kumi na mitano huanza kutumia mikono kusema: hupunga kwaheri, huinua mikono abebwe, hunyoosha kidole kwa anachotaka. Akifika miezi kumi na minane hunyoosha kidole hata kwa kitu asichokitaka, paka ukutani au ndege angani, kisha anakugeukia aone kama nawe umemwona. Akifika miaka miwili huunganisha maneno mawili: "mama njoo", "taka maji".

Hicho kidole cha paka ndicho ninachokiulizia kuliko vyote. Kunyoosha kidole ili apewe biskuti ni jambo moja. Kunyoosha ili mfurahie pamoja ni jambo lingine kabisa, na ni hili la pili ambalo mtoto mwenye usonji mara nyingi hukosa. Badala yake hukushika kiganja na kukipeleka kwenye mlango wa friji bila kukutazama usoni, kana kwamba mkono wako ni ufunguo.

Usidanganywe na Kiingereza cha katuni. Siku hizi kuna watoto wanaohesabu mpaka ishirini kwa lafudhi ya Kimarekani, wanajua rangi zote na herufi zote, nyumba nzima inasifu akili zao, na bado mtoto huyo hawezi kusema "nataka maji" wala hageuki ukimwita. Maneno anayo, ila hayatumii kuzungumza na mtu. Liandike hilo pia.

Na kama mtoto alikuwa na maneno kisha yakapotea, hata kama yalikuwa matatu tu, ruka sehemu hii yote uende hospitali wiki hii. Umri wowote.

Kisha video. Chukua simu, rekodi vipande vifupi vya dakika moja: akila, akicheza peke yake, akiwa na watoto wenzake, ukimwita jina kutoka nyuma yake, na lolote linalokutia wasiwasi kama vile kupepea mikono au kuzunguka mahali pamoja. Chumbani kwa daktari mtoto atakuwa amelala, au analia, au kwa bahati yako mbaya atatulia kama malaika. Video inamwonyesha daktari mtoto wa nyumbani.

Kama mtoto yuko kati ya miezi 16 na 30, kuna dodoso linaloitwa M-CHAT-R, lenye maswali 20 ya ndiyo na hapana, linalopatikana bure mtandaoni. Alama 0 hadi 2 ni hatari ndogo, 3 hadi 7 ya kati, 8 na zaidi kubwa. Halimpi mtoto jina la ugonjwa. Linakupa karatasi ya kuweka mezani, na mtu mwenye karatasi husikilizwa haraka kuliko mwenye maneno matupu.

Hatua ya pili: masikio kabla ya yote

Mtoto asiyesikia vizuri hageuki akiitwa na hasemi. Kwa hiyo pima masikio kwanza, hata kama una hakika anasikia kwa sababu hukimbia akisikia tangazo analolipenda kwenye televisheni. Anaweza kusikia sauti nzito na akakosa zile nyembamba zinazotofautisha maneno, au usaha wa sikio umemfunika nusu ya usikivu. Hospitali nyingi za rufaa za kaunti zina kliniki ya masikio, pua na koo. Vilevile macho, kama anakaa karibu mno na vitu.

Hatua ya tatu: hospitali

Mlango ulio rahisi kuliko yote ni kliniki ya watoto. Kenya chanjo ya surua hutolewa miezi tisa na tena miezi kumi na minane, na hiyo ya pili wazazi wengi huisahau kwa sababu mtoto "ameshamaliza kliniki". Ni hasara maradufu, maana miezi kumi na minane ndio umri ambao dalili nyingi huwa zimeanza kuonekana. Na hapa niseme jambo moja nilimalize: ni kwa kuwa mambo haya mawili hukutana umri mmoja ndiyo watu wakadhani sindano imeleta usonji. Makala ya mwaka 1998 iliyoeneza fununu hiyo Uingereza ilifutwa mwaka 2010 na jarida lenyewe lililoichapisha. Mpe mtoto chanjo yake.

Ukifika, usiseme "mtoto wangu ana shida". Nesi ana foleni ya akina mama hamsini na neno shida halimwambii kitu. Sema: "Ana miaka miwili na miezi miwili, hana neno hata moja, hageuki akiitwa, hanyooshi kidole. Naomba barua ya rufaa aende kwa daktari wa watoto na idara ya tiba kazi." Hiyo tiba kazi ndiyo ile ambayo kibao mlangoni kimeandikwa OT. Jina linawapotosha watu. Mtoto hatafutiwi kazi. Kazi ya mtoto ni kula, kuvaa, kucheza na kujifunza, na mtaalamu wa hapo humsaidia katika hayo.

Mimi naona OT ndio mahali bora pa kuanzia kwa familia isiyo na uwezo mkubwa. Wataalamu wa matamshi ni wachache mno nchini, wengi wako hospitali za binafsi, na malipo ni kwa kila kikao. Wa tiba kazi utawakuta hospitali ya kaunti na hata kaunti ndogo nyingi. Tena benchi la nje ya mlango wao ndilo utakakokutana na mama mwingine mwenye mtoto kama wako, naye ndiye atakayekueleza kliniki ni siku gani, nani ni mpole na nani si mpole.

Mwambie daktari wazi kuhusu mambo haya hata asipouliza: mtoto alizaliwaje, alilia mara moja au alichelewa, alipata manjano kali, aliwahi kulazwa na malaria ya kichwani au homa ya uti wa mgongo. Na zaidi ya yote, degedege. Huku pwani kuna wanaoliita nyuni na kumkimbiza mtoto kwa mganga; kifafa huwapata watoto wenye usonji mara nyingi kuliko wengine, kina dawa, na dawa zake si ghali kama watu wanavyodhani. Hata kutumbua macho hewani kwa sekunde kadhaa bila kusikia chochote kunaweza kuwa kifafa, rekodi. Akipata degedege mlaze ubavu, ondoa vitu vilivyo karibu, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni. Ikipita dakika tano, kimbia hospitali.

Kabla hujatoka uliza maswali mawili tu: "Nifanye nini nyumbani mpaka tarehe ya kurudi?" na "Barua ya rufaa iko wapi?" Weka kila karatasi kwenye faili moja la plastiki. Piga picha kila ukurasa.

Hatua ya nne: EARC, wiki hiyohiyo

Huu ndio mlango ambao wazazi wengi hawajausikia. Tangu mwaka 1984 Kenya ina vituo vya tathmini na nyenzo za elimu, vinavyojulikana kwa herufi zake EARC, vilivyoanzishwa kwa msaada wa serikali ya Denmark. Viko chini ya wizara ya elimu, na kazi yao ni kumpima mtoto uwezo wake wa kujifunza na kushauri asomee wapi na kwa namna gani. Mara nyingi kituo kimejibanza ndani ya uwanja wa shule ya msingi, chumba kimoja chenye mlango wa bluu au kijani usio na kibao cha maana. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, au mwalimu mkuu wa shule yoyote yenye kitengo maalum.

Usingoje mtoto afike umri wa shule. Hawa hupokea hata wadogo, na baadhi yao humfundisha mzazi shughuli za kufanya nyumbani. Nenda na cheti cha kuzaliwa, kijitabu cha kliniki na zile video. Ombeni ripoti ya maandishi iliyo na muhuri. Aliye Nairobi au karibu anaweza pia kwenda KISE, taasisi ya elimu maalum iliyoko Kasarani tangu mwaka 1986, ambayo nayo hufanya tathmini.

Hospitali na EARC hawaongei wenyewe kwa wenyewe. Wewe ndiye tarishi: karatasi ya huku ipeleke kule.

Hatua ya tano: nyumbani, ambako ndiko kazi iliko

Ukipata kikao cha nusu saa kila wiki mbili, una bahati. Saa zilizobaki zote mtoto yuko nawe, na dada wa kazi, na bibi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limetengeneza mafunzo ya walezi badala ya kungojea wataalamu waongezeke. Msingi wake ni kutumia yale mnayofanya kila siku, kula, kuoga, kufua, kama nafasi za kuwasiliana.

Chukua mfano wa kaimati. Ziweke kwenye kopo linaloonekana ndani, lenye mfuniko asioweza kuufungua, mahali anapopaona. Kaa chini, uso wako usawa na wake. Atakuja. Atasukuma kopo, au atakushika mkono. Usilifungue papo hapo. Mtazame, nyanyua nyusi, ngoja. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi, na utaona kumi ni ndefu kiasi gani. Akifanya lolote linaloelekea kwako, akikutupia jicho, akitoa sauti, akigusa mfuniko kisha mkono wako, sema neno moja, "Fungua!", na ufungue mara hiyohiyo. Mpe moja tu, funga kopo. Atarudi, na kila akirudi ni somo jingine. Akianza kulia kwa hasira umengoja mno. Mpe, na mara ijayo ngoja muda mfupi kuliko huo, usifike kwenye machozi.

Kosa ambalo karibu kila nyumba hulifanya ni maswali. "Hii nini? Sema kikombe. Sema! Hii rangi gani?" Mtoto anayeona ugumu wa kusema huona mtihani kutwa. Badala ya kumuuliza, fuata anachofanya na ukiseme kwa ufupi. Anapanga vifuniko vya soda sakafuni? Keti, panga na wewe. "Kifuniko. Kingine. Kingine!" Siku atakayokusogezea kifuniko umefika mbali kuliko siku atakayotaja rangi.

Picha husaidia sana. Piga picha za vitu vyake halisi, kikombe chake, ndoo yake ya kuogea, mlango wa choo, zichapishe kwenye duka la fotokopi, zibandike ukutani kwa mpangilio wa siku. Wapo watakaokuambia picha zitamfanya mvivu wa kusema. Haziwezi, mtoto anayepata njia ya kueleweka hupunguza vurugu, na wengi huongeza sauti juu ya picha.

Kuhusu lugha: kama nyumbani ni Kigiriama, Kidigo au Kisomali, endeleeni. Kuna wazazi wanaoambiwa wabaki na Kiingereza pekee ili mtoto asichanganyikiwe. Watafiti waliolinganisha watoto wenye usonji wa nyumba za lugha moja na za lugha mbili hawakuona kwamba lugha ya pili inawachelewesha. Mama anayelazimika kuzungumza lugha asiyoimudu huishia kuzungumza machache, na hapo ndipo mtoto hupunjwa.

Televisheni na simu: sitakuambia uzime kabisa, kwani najua ndiyo nafasi pekee ya kupika. Zime wakati wa kula na wakati wa kuoga. Hizo mbili zinatosha kuanza.

Watakaokuja na dawa

Watakuja. Wa kwanza ana kombe la kumnywesha, wa pili ana mafuta, wa tatu ana chupa ya vidonge kutoka ng'ambo na ushuhuda wa mtoto aliyeanza kusema baada ya wiki tatu. Hakuna dawa ya kuondoa usonji. Kuna dawa za kifafa, za usingizi, na kwa mtoto mkubwa kidogo za kumsaidia kutulia, zote za kuandikwa na daktari. Mwombee mtoto, msomee, hilo ni la imani yako na halimdhuru. Lakini chochote watakacholeta hao cha kuingia mdomoni au kuchanja ngozi yake, kataa. Kuna hata watu wanaouza maji yenye kemikali ya kung'arisha nguo kama tiba. Hiyo ni sumu.

Na usimfunge kamba. Anayetorokatoroka hufungwa kwa hofu, siyo kwa ukatili, nalifahamu hilo. Weka komeo juu asipofika, waambie majirani na mwenye duka, funika kisima, mshonee namba ya simu ndani ya shati. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji, na sisi tunaishi na bahari.

Kadi ya ulemavu

Wazazi wengine huikataa kwa kuogopa neno ulemavu. Nawaelewa, lakini naona wanajinyima. Anza kwa kuuliza hospitali ya serikali ni siku gani kamati ya kutathmini ulemavu hukaa, maana si kila siku. Ukishapata fomu iliyojazwa na kuidhinishwa, mtoto husajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, ambalo lina afisa katika kila kaunti. Cheti cha kuzaliwa ni lazima. Kama hukukichukua, hiyo ndiyo safari ya kwanza, na ukishakuwa nacho mwingize mtoto pia chini yako kwenye SHA, bima ya afya ya serikali.

Kwa familia ambayo mtoto anahitaji kuangaliwa mchana na usiku, kuna pia Inua Jamii, msaada wa fedha wa serikali, shilingi 2,000 kwa mwezi. Haiji yenyewe kwa kuwa una kadi. Jina huorodheshwa mashinani, kwa hiyo chifu na naibu wake wamjue mtoto wako kwa sura.

Baba, na wewe mwenyewe

Mara nyingi mama huachiwa faili, safari na lawama: ulikula nini ulipokuwa mjamzito, ukoo wenu una nini. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kumpa baba kazi moja iliyo yake, mathalani kuoga kwa mtoto jioni, badala ya kumhubiria. Na bibi mchukue kwenye kikao kimoja cha OT. Akimsikia mtaalamu kwa masikio yake, ile hadithi ya baba aliyechelewa kusema huisha polepole.

Wewe tafuta wenzio. Vikundi vya wazazi viko WhatsApp karibu kila kaunti, na Chama cha Usonji cha Kenya kipo tangu mwaka 2003. Ukiona hulali, huli, unawaza mabaya, mwambie nesi yuleyule wa mtoto.

Shule

Ripoti ya EARC ndiyo itakayokuongoza: darasa la kawaida na msaada kidogo, kitengo maalum ndani ya shule ya kawaida, au shule maalum. Mtaala wa sasa una njia ya pili kwa watoto ambao hawawezi kufuata ule wa kawaida, inayopanda kwa hatua za uwezo badala ya umri, kutoka msingi hadi ufundi. Shule ya City, Ngara, jijini Nairobi, ni mojawapo ya za serikali zilizoanza mapema kuwa na kitengo cha watoto wenye usonji. Tembelea kabla ya kuandikisha, na uende saa ya mapumziko. Uwanjani ndipo utaona nani anaachwa peke yake na kama mwalimu anaona.

Mwalimu mkuu akikuambia "hapa hatuna mahali pa watoto kama hawa", usigombane naye. Muombe aandike hivyo kwenye karatasi. Wengi hapo hubadilisha maneno, kwa sababu kifungu cha 34 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza kumnyima mtoto nafasi kwa ajili ya ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025, iliyochukua mahali pa ile ya 2003, nayo iko upande wako. Akikataa hata kuandika, andika wewe: tarehe, jina la shule, aliyekupokea, alichosema. Peleka nakala mbili kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo pamoja na ripoti ya EARC, moja wabaki nayo, nyingine wakugongee muhuri urudi nayo.